Shajara ya mradi: kupanua tundu la kitasa kutoka milimita 38 hadi 54

Hali ilivyo

Milango miwili, wa chumbani na wa stoo, inabadilishiwa vitasa. Vya zamani vilikaa kwenye tundu la kipenyo cha milimita 38. Vipya vinataka 54, kipimo ambacho vitasa vingi vya duara vya siku hizi hukitumia. Kama mlango ungekuwa mzima, usio na tundu lolote, nisingeandika shajara: unaweka alama, biti ya katikati inang'ata mbao, msumeno unafuata, umemaliza.

Msumeno wa tundu, ule wenye umbo la kikombe na meno kwenye mdomo, unategemea biti ya katikati kuushika mahali pake. Tundu likiwa tayari lipo, biti hiyo inaelea hewani. Meno yanagusa mbao yakiwa hayana wa kuyazuia, na kwa kuwa hakuna upande unaokatwa sawasawa na mwenzake tangu mzunguko wa kwanza, msumeno unahama.

Nilijaribu makusudi kwenye kipande chakavu chenye tundu la 38, bila mwongozo wowote, ili nione kwa macho yangu. Meno yaliparuza uso wa mbao na kuacha miduara inayopishana, kisha jino moja likashika ukingo wa tundu la zamani na drili ikataka kuugeuza mkono. Kipande nimekihifadhi. Mtu akiniuliza kwa nini asishike tu kwa nguvu na kusukuma, nitamwonyesha hicho.

Kupima kabla ya kuchagua njia

Wengi wanaoelezea kazi hii huanza na ujanja: fanya hivi, funga ubao huu. Mimi naona swali la kwanza ni moja tu. Je, kitovu cha tundu jipya ni kilekile cha tundu la zamani? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua njia.

Kitasa kipya kinataka kitovu cha tundu kiwe milimita 60 kutoka ukingo wa mlango. Ulimi wake unaweza kurefushwa ukafika 70, lakini hakuna kituo katikati ya hapo. Ni 60 au 70.

Mlango wa chumbani: kitovu cha zamani kiko kwenye 60. Safi. Tundu jipya litalizunguka la zamani pande zote kwa usawa, na mbao ya kuondolewa ni pete ya milimita 8 kila upande, yaani 54 kutoa 38, gawanya kwa mbili.

Mlango wa stoo: kitovu kiko kwenye 64. Aliyeutoboa zamani alikuwa na kitasa ambacho hakikujali. Hapa kitovu kipya lazima kihame milimita 4 kuelekea ukingoni. Pete haitakuwa sawa tena: upande wa ukingo itakuwa na milimita 12, upande wa ndani 4 tu. Meno ya msumeno wangu yanakula njia ya milimita 3 hivi, kwa hiyo upande mwembamba nitabakiwa na ganda la milimita moja kati ya mkato na tundu la zamani. Inatosha. Kama kitovu kingehama zaidi ya milimita 8, miduara miwili ingekatana na kipande cha tundu la zamani kingebaki nje ya jipya. Hapo ingebidi kuangalia kama sahani ya kitasa inakifunika, au kuziba kwanza.

Jambo moja ambalo ni rahisi kulipita: ukingo wa mlango mara nyingi haukatwi wima kabisa. Unalazwa kidogo, kama digrii 3, ili mlango usikwaruze fremu unapofungwa. Kwenye mlango wa unene wa milimita 44, digrii 3 ni tofauti ya milimita 2.3 kati ya uso mmoja na mwingine. Ukipima 60 kwenye kila uso ukianzia kona yake, vitovu viwili havitaonana. Kipimo kianzie katikati ya unene wa ukingo. Kwa vitendo, uso mpana unaongezewa milimita 1.1 hivi na uso mwembamba unapunguziwa kiasi hichohicho. Niliweka guniya, nikachora mstari, nikaandika namba kwa penseli kwenye uso wenyewe ili nisikokotoe tena drili ikiwa mkononi.

Jumamosi asubuhi: mlango wa chumbani

Kitovu ni kilekile, kwa hiyo nimetumia misumeno miwili kwenye shina moja, kile chuma chenye nyuzi kinachoshika msumeno kwenye drili. Ule wa 54 umefungwa kwanza mpaka mwisho wa nyuzi. Ule wa 38 umefuata, ukakaa ndani ya mkubwa, kitako juu ya kitako. Biti ya katikati nimeitoa kabisa kwa kuwa haina kazi. Msumeno mdogo ndio umekuwa biti ya katikati: unaingia kwenye tundu la zamani, unajaa, na mkubwa hauna pa kwenda isipokuwa kuzunguka hapohapo.

Shina lenyewe linahitaji kuangaliwa kabla. Misumeno midogo, mpaka kipenyo cha milimita 30 hivi, kwa kawaida hutumia nyuzi nyembamba, na kuanzia 32 kwenda juu hutumia nyuzi nene. Bahati nzuri 38 na 54 zote ziko upande mmoja. Angekuwa mtu na tundu la 25 anataka kufika 54, mashina yasingekubaliana na njia hii ingemshinda, labda apate shina lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Pia nyuzi ziwe ndefu kiasi cha kushika vitako viwili. Nilihesabu mizunguko ya msumeno mdogo ulipokuwa ukiingia. Ukishika nyuzi moja au mbili tu, siuamini.

Msumeno mdogo unatangulia mkubwa kwa unene wa kitako tu, kama milimita 6 kwa hii yangu. Si nyingi, lakini ndizo zinazouweka mkubwa sawa wakati meno yake yanagusa mbao kwa mara ya kwanza. Nimechagua ule wa 38 uliochakaa, ambao ningeutupa. Mkali ungeanza kuula ukuta wa tundu la zamani na kulegeza kile kile kinachoushika. Kifaa kibutu kimepata kazi inayokifaa.

Mwendo: drili kwenye gia ya chini. Duara la 54 lina mzingo wa karibu milimita 170, na kwa mizunguko 500 kwa dakika jino moja linasafiri mita 85 kila dakika. Kwa mbao, hiyo inatosha na inabaki. Gia ya juu inachoma tu, na harufu yake unaipata kabla hujauona moshi. Mpini wa pembeni umefungwa kwenye drili. Miwani usoni. Glavu hapana, kitambaa kikishikwa na kitu kinachozunguka, kinakwenda na kidole.

Nimeanza taratibu sana mpaka duara zima likawa na mfuo, si nusu duara. Hapo ndipo unajua msumeno umenyooka: unga wa mbao unatoka pande zote. Ukitoka upande mmoja tu, drili imelala. Kisha nikasukuma kwa uzito wa mikono, nikitoa msumeno kila baada ya muda ili unga utoke na meno yapoe.

Kina cha msumeno ni milimita 38 na mlango ni 44, kwa hiyo kazi inafanywa kutoka pande zote mbili hata kama ungependa vingine. Ni afadhali hivyo: ukitoboa moja kwa moja, meno yanapotokea upande wa pili yanabandua vibanzi vya uso, na uso huo ndio watu wanaouona. Nimekata mpaka zaidi kidogo ya nusu, nikazunguka upande wa pili, msumeno mdogo ukaingia tena kwenye tundu la zamani na mkubwa ukakutana na mkato wake.

Kilichochukua muda ni pete. Ile mbao iliyokatwa, pete yenye unene wa milimita 5 hivi, imekwama kati ya misumeno miwili na haitaki kutoka. Bisibisi kupitia matundu ya ubavuni ilisogeza kidogo tu. Dawa ni kufungua msumeno mdogo kutoka kwenye shina, na pete inatoka nao. Zungusha ukiwa umeishika kwa kitambaa kinene. Chuma kina joto.

Kitasa kimeingia bila kulazimishwa.

Jumamosi mchana

Mlango wa stoo haukubali misumeno miwili. Msumeno mdogo ungeniongoza kwenye kitovu cha zamani, na hicho ndicho ninachokikimbia. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kuziba. Unapiga kizibo cha mbao ndani ya tundu la zamani, unaweka alama ya kitovu kipya juu yake, na unatoboa kana kwamba mlango haujawahi kuguswa. Watu hudhani kisahani kilichotoka kwenye msumeno wa 38 kitaziba tundu la 38. Hakizibi. Msumeno huo unakata tundu la 38 kwa nje, na kisahani kinachobaki ndani kimepungua njia ya meno pande zote mbili, kwa hiyo ni kama 32. Kinapwaya. Ukitaka kisahani cha 38 kwa msumeno unaokula milimita 3, unahitaji msumeno wa 44. Na kisahani hicho kitakuwa na tundu la biti katikati yake, la milimita 6 hivi, ambalo ni zawadi kama kitovu ni kilekile, na ni kero kama kimehama milimita 4 kama hapa, kwa sababu biti mpya itateleza na kuingia humo.

Ya pili, niliyoichagua, ni kigezo: ubao wa plaiwudi wenye tundu la 54 uliofungwa juu ya mlango, na msumeno unapita ndani yake. Biti ya katikati haipo kabisa. Badala ya kushikwa kutoka katikati, msumeno unashikwa kutoka nje.

Plaiwudi yangu ni ya milimita 18. Kabla ya kutoboa nilichora mistari miwili inayokatana kwenye kitovu na kuivuta mpaka kingo za ubao. Baada ya kutoboa kitovu hakipo tena, lakini mistari ipo, na kwenye mlango nimechora mistari kama hiyo inayopita nje ya eneo la ubao. Kinachobaki ni kulinganisha mstari na mstari. Hakuna haja ya kupima hewa.

Tundu la kigezo limekatwa kwa msumeno uleule utakaotumika, kwa hiyo linabana. Nimepitisha msasa ndani mpaka msumeno ukazunguka kwa mkono bila kukwama na bila kucheza. Ukiacha linabana, linachoma. Ukilipanua sana, umerudi kwenye tatizo la mwanzo.

Klampu mbili, siyo moja. Kwa klampu moja ubao unajifanya umetulia mpaka meno yashike, kisha unazunguka.

Jambo la kina

Hapa hesabu inaanza kuwa ya kuvutia. Msumeno wa kina cha milimita 38 ukipita kwenye kigezo cha 18 unabakiwa na 20 za kukata. Pande zote mbili, 40. Mlango ni 44. Milimita 4 za katikati hazifikiki.

Mtu angesema tumia plaiwudi nyembamba. Nyembamba haiwezi kuunyoosha msumeno. Inauzuia kuhama lakini hauzuiwi kulala. Jibu lingine ni kwamba kigezo hakihitajiki mpaka mwisho. Kazi yake ni mfuo. Ukishafika kina cha milimita 10 hivi, kuta za mfuo wenyewe zinaushika msumeno vizuri kuliko kitu chochote utakachofunga juu. Toa klampu, ondoa ubao, rudisha msumeno kwenye mfuo kabla ya kubonyeza, na endelea na kina chote cha 38.

Ujuzi huu ni wa kale kuliko umeme. Waganga wa Ulaya waliokuwa wakitoboa fuvu la kichwa walikuwa na msumeno wa duara wenye pini katikati. Pini ilisaidia kuanza tu. Mfuo ukishapatikana iliondolewa, isije ikapenya kwenye ubongo kabla meno hayajamaliza mfupa. Na maandishi ya tiba ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates yanamtaka mganga autoe msumeno mara kwa mara na kuuchovya kwenye maji baridi, kwa sababu unapata joto. Mimi nachoma mbao tu, lakini sababu ni hiyohiyo.

Jumapili: mlango wa stoo

Kigezo juu, klampu, msumeno ndani ya tundu kabla ya kuwasha. Hili nalisisitiza: meno yaguse mbao kwanza, drili iwashwe baadaye, polepole. Ukiingiza msumeno unaozunguka kwenye tundu la kigezo unaharibu ukingo wake, na kigezo kilichoharibika hakiongozi.

Sauti haifanani na ya jana. Upande wa ukingo msumeno uko kwenye mbao nene, upande wa ndani kuna lile ganda la milimita moja, na unasikia mlio ukibadilika kila mzunguko. Ganda halikudumu. Lilivunjika vipande vidogo na kudondokea ndani ya tundu, na kwenye robo hiyo ya duara ukuta mmoja wa mfuo ukatoweka. Ukuta wa nje ulibaki mzima, na huo ndio wenye kazi, kwa sababu ndio unaozuia msumeno usisogee upande ule.

Kigezo kimetoka kwenye kina cha upana wa kidole hivi. Sehemu iliyobaki ilikwenda kwa urahisi kuliko nilivyotegemea. Upande wa pili nimerudia yote: mistari, kipimo kilichorekebishwa kwa mlalo wa ukingo, klampu, mfuo, toa, maliza. Mikato miwili imekutana na ngazi ndogo inayohisiwa kwa kucha lakini haionekani. Tupa ya mbao imeimaliza.

Tundu la ulimi

Hili ni dogo na linadanganya. Kwenye ukingo wa mlango tundu la zamani ni la 22, ulimi mpya unataka 25. Pete ni milimita moja na nusu, nyembamba kuliko njia ya meno, kwa hiyo msumeno wa tundu hauna chake hapa. Kigingi cha mviringo cha 22, gundi kidogo ili kisizunguke, kimeachwa kikauke, kisha biti bapa ya 25 yenye ncha katikati. Kigingi chote kinaliwa na biti; kazi yake ilikuwa kuipa ncha kitu cha kung'ata. Kwenye mlango wa stoo nimesogeza pia kitovu kidogo ili kilingane na katikati ya unene, nafasi ambayo kigingi kinakupa bure.

Nilitoboa matundu makubwa kwanza na haya ya ukingoni mwisho. Biti bapa inapotokea ndani ya tundu la 54 haina cha kubandua kinachoonekana.

Nje ya mpango: kasha la chuma

Drili ikiwa bado nje, nimeombwa kupanua tundu la bomba la nyaya kwenye kasha la chuma, kutoka 20 hadi 25. Sikugusa msumeno. Kwa bati jembamba na tofauti ndogo kama hii, biti ya ngazi, ile inayonenepa hatua kwa hatua, inafanya kazi nzuri zaidi, kwa sababu umbo lake la pia linajitafutia kitovu cha tundu lililopo. Mwendo mdogo, tone la mafuta, simama kwenye ngazi ya 25.

Kama ingekuwa lazima msumeno wa 54 kwenye chuma, mizunguko ingeshuka sana, karibu 160 kwa dakika, na mafuta ya kukatia yangekuwa ya lazima. Kigezo cha plaiwudi kinafaa hata hapo. Kwa vigae na kioo mambo ni mengine: meno hayatumiki, ni kikombe chenye chembe za almasi, maji muda wote, na kigezo ni cha kawaida hata kama hakuna tundu la zamani, kwa kuwa vikombe vingi vya aina hiyo havina biti ya katikati.

Yaliyobaki

Mbao mbichi ndani ya matundu yote mawili inahitaji kupakwa rangi au vanishi. Mlango wa stoo unapigwa na unyevu na mbao iliyofunguliwa inakunywa. Kitasa cha stoo kimekaa na kinazunguka, sahani yake inafunika mkato wote, lakini ulimi unagusa ukingo wa chini wa bamba la fremu. Bamba litashushwa milimita mbili. Matundu ya skrubu ya zamani yatazibwa kwa vijiti na gundi kabla, la sivyo skrubu mpya zitarudi kulekule.